Kasoro sifuri robo nne mfululizo: kisa cha ukaguzi wa malori Sydney

Nianze na karatasi yenyewe maana kisa chote kimo humo. Ni ule ukurasa wa ukaguzi wa kila siku kabla lori halijatoka yadi, dereva anazunguka gari anaweka tiki: matairi, nati za magurudumu, taa, vioo, wipa, kama kuna mafuta au maji yanavuja, geji za upepo wa breki, matenki ya upepo yamemwagwa maji au bado, ulimi na kufuli la tela. Anasaini, anachana nakala, inakuja ofisini. Ukurasa wa Jumatano ulikuwa na tiki zote, saini, tarehe, na kilomita zimeandikwa. Safi kabisa. Shida ni kwamba Jumatano hiyo lori lenyewe lilikuwa gereji, magurudumu ya nyuma yako chini, fundi anabadilisha bitana za breki, na Alhamisi lilikuwa huko huko, na Alhamisi nayo ina tiki zote.

Aliyeifaili hiyo karatasi ni mimi.

Kwa ambao hawajui mambo ya huku: Australia, ukiwa na kampuni ya malori unaweza kukaa kwenye sheria ya kawaida kama watu wote, au ukaomba ithibati chini ya mpango unaoitwa NHVAS, unasimamiwa na NHVR ambayo ndo mamlaka ya taifa ya magari mazito. Sheria yenyewe ya taifa ilianza kutumika 10 Februari 2014 kwenye majimbo mengi, isipokuwa Western Australia na Northern Territory ambao wana mambo yao. Mpango una vipengele vinne: uzito, matengenezo, usimamizi wa uchovu wa madereva ngazi ya kawaida ambao watu wote wanauita BFM, na ule wa ngazi ya juu. Unachagua unachotaka. Mwenye ithibati ya uzito anaruhusiwa kuongeza kidogo, semi ya ekseli 6 ambayo kawaida mwisho wake ni tani 42.5 inaweza kufika 45.5 kwenye barabara zilizoruhusiwa ikiwa na springi zinazokubalika. Mwenye ithibati ya matengenezo hapa New South Wales hapeleki magari kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa serikali, anajikagua mwenyewe. Na mwenye BFM dereva wake anafanya kazi mpaka saa 14 ndani ya saa 24 badala ya 12.

Hizo saa mbili ndo biashara yenyewe, watu wa nje hawaelewi. Sydney mpaka Melbourne kwa barabara ya Hume ni kama kilomita 880, lori lina spidi gavana ya 100, kwa hiyo hesabu saa kumi za kuendesha kama mambo yameenda vizuri. Weka saa moja ya kukagua gari na kufunga mzigo, weka saa mbili za foleni kwenye ghala la mteja, na foleni inahesabiwa kazi hata kama umekaa unasikiliza redio, tayari umeshavuka 12. Bila BFM unahitaji madereva wawili au unabadilishana matela katikati pale Tarcutta. Ndo maana kampuni ndogo zinaililia hiyo ithibati kama leseni ya kuishi.

Sasa hicho wanachokupa wanakupa kwa masharti, kwamba mfumo wako wa ndani unafanya kazi, na anayekuja kuthibitisha ni odita binafsi aliyesajiliwa, na anayemlipa ni wewe mwenyewe mwenye malori. Hapo kila Mbongo niliyemsimulia anacheka, anasema basi imekwisha hiyo, unamlipa mkaguzi wako mwenyewe? Nilicheka hivyo hivyo mwanzoni. Lakini ripoti yake inaenda NHVR, wao ndo wanaamua, na yeye akionekana anapitisha uchafu usajili wake uko mezani. Sisemi wote ni malaika. Nasema huyu wetu hakuwa mtu wa kuchezewa.

Kampuni siitaji. Ni ya familia, iko magharibi ya Sydney, vichwa 11 na matela 17, madereva wengi ni Wapunjabi, kuna Wasamoa wawili, na Mkongo mmoja mtu mzima wa Bukavu ambaye wote tunamwita Papa. Mimi niliingia kama karani wa mafaili baada ya mgongo kunikatalia kazi ya ghala, nikapewa cheo cha kukaa na makaratasi ya ithibati, komplayansi kama wanavyosema. Tulikuwa na vipengele viwili, matengenezo na BFM, na ithibati ilikuwa inakaribia kuisha kwa hiyo ukaguzi huu ulikuwa ndo wa kuhuisha. Ukifeli hapa hupigwi faini papo hapo, ila unaweza ukarudi kwenye kikomo cha saa 12 za kazi na mkataba wa mteja wa Melbourne ukaondoka nao.

Nilijiandaa wiki tatu. Mafaili yana rangi, kila lori lina folda yake, vyeti vya mafunzo ya uchovu vya madereva, vipimo vya daktari, ratiba, kurasa za dayari ya kazi, ankara za gereji. Na juu kabisa nikaweka kitu nilichokuwa najivunia, taarifa zetu za kila robo mwaka. Mpango unataka kampuni ijikague yenyewe ndani na iandike kasoro ngapi zimeonekana. Yangu zilikuwa nne, robo nne za mwaka, zote zimeandikwa kasoro: 0.

Odita alikuwa mama wa makamo, kaja na gari dogo na chupa ya chai. Akakaa, akafungua folda ya juu, akasoma ile ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akaziweka pembeni taratibu, akaniuliza, malori mangapi? Kumi na moja. Kilomita ngapi kwa mwaka? Nikamwambia lori moja la Melbourne linakula zaidi ya laki mbili. Akasema, na hakuna taa iliyoungua? Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza hali ya hewa. Mimi bado nikawa natabasamu.

Nilidhani atapekua kila kitu. Hakupekua. Alichagua lori moja, namba 7, na wiki moja ya miezi mitano nyuma, akaomba karatasi ZOTE zinazogusa hilo lori wiki hiyo: kurasa za ukaguzi wa kila siku, dayari ya dereva, risiti na taarifa ya kadi ya mafuta, ankara ya gereji, ratiba niliyowatumia madereva, na hesabu ya mishahara. Akazipanga mezani siku kwa siku kama mtu anayepanga karata. Hapo ndo nikaelewa kazi yake. Yeye haulizi karatasi ipo au haipo. Anaangalia kama karatasi mbili zilizoandikwa na watu wawili tofauti zinasimulia siku ile ile.

Ankara ya gereji: gari limeingia Jumanne jioni, limetoka Ijumaa asubuhi. Ukaguzi wa kila siku: Jumatatu mpaka Ijumaa, tiki tiki tiki. Akaweka vidole viwili, kimoja hapa kimoja pale, akanyamaza. Afu akasogeza kurasa zote tano karibu na dirisha, akasema angalia wino. Kalamu moja, mkandamizo mmoja, yani hata ile tiki ya wipa ilikuwa imevutwa mkia vilevile siku zote tano. Ziliandikwa kwa kikao kimoja.

Nikatafuta la kusema nikakosa.

Akachukua uzi mwingine, wiki ile ile lakini dereva mwingine, huyu ndo Papa. Dayari inasema amepumzika Tarcutta kuanzia saa nane usiku mpaka saa nane na nusu. Kadi ya mafuta inasema saa nane na dakika kumi alikuwa anajaza dizeli Gundagai. Kutoka Gundagai mpaka Tarcutta kwa lori ni karibu nusu saa. Na hata ingekuwa sehemu moja, kujaza mafuta kisheria ni kazi, siyo mapumziko. Sasa ile ya tiki ni kasoro ya mfumo, ila hii ya dayari inaweza kuwa kosa la dereva mwenyewe, kuandika uongo kwenye dayari huku siyo mchezo, na kwa BFM dereva lazima apate angalau dakika 15 ndani ya saa 6 na robo, kwa hiyo kama hilo pumziko halikuwepo basi Papa alivuka.

Na lazima mjue kwa nini hapo kwenye uchovu hawacheki na mtu. 22 Aprili 2020 pale Kew, Melbourne, lori liliacha njia kwenye Eastern Freeway likawaua polisi wanne waliokuwa wamesimamisha gari pembeni. Dereva alikuwa hajalala na alikuwa ametumia dawa. Alifungwa miaka 22, baadaye rufaa ikapunguza, lakini kesi haikuishia kwake, ilipanda ngazi mpaka kwa wasimamizi na kampuni, maana tangu Oktoba 2018 sheria inasema kila aliye kwenye mnyororo wa usafirishaji, anayepanga ratiba, anayepakia, bosi ofisini, ana wajibu wake wa usalama. Anayepanga ratiba. Yani mimi na mwenzangu mmoja.

Nikampigia Papa simu, alikuwa amelala mchana maana ni mtu wa usiku, nikamwomba radhi kwanza. "Papa, pole kukuamsha. Ile wiki ya namba 7 gereji, wewe ulipumzika Tarcutta au Gundagai?" Akafikiri, akasema alikuwa Gundagai, dizeli ilikuwa inaisha, akajaza, akasogeza gari pembeni akalala kidogo. Sasa mbona umeandika Tarcutta? "Kaka, miye kila siku napumuzika Tarcutta. Mukono uliandika tu." Niliamini, lakini odita haandiki imani. Kilichomwokoa ni GPS ya lori: limesimama Gundagai kuanzia saa nane na dakika tano mpaka saa tisa kasorobo na dakika kadhaa. Toa dakika za kujaza, bado zinabaki zaidi ya nusu saa za kupumzika. Kwa hiyo pumziko lilikuwepo, jina la mahali ndo lilikuwa la mazoea, na dayari ilijazwa baadaye badala ya pale pale aliposimama kama inavyotakiwa. Ikabaki hoja ya uandishi. Papa mwenyewe hakujua ni jinsi gani aliponea.

Zingine nazipitia haraka. Dereva mmoja alikuwa amefikisha miaka 50 katikati ya mwaka, na kwa BFM ukifika 50 daktari ni kila mwaka siyo kila baada ya miaka mitatu, sisi kalenda yetu ilikuwa bado inamhesabu kijana. Hoja. Ratiba za usiku alizihesabu kwa mkono, maana BFM ina kikomo cha saa 36 kwa wiki za kazi ya kati ya saa sita usiku na saa 12 asubuhi, ukijumlisha na saa za kazi zinazozidi 12 kwa siku, dereva mmoja akatoka na 35 na nusu. Tulipita kwa nusu saa. Breki za namba 7 zenyewe zilikuwa zimetengenezwa vizuri, ankara kamili, fundi kasaini. Yani ukitazama chuma hatukuwa na shida.

Jioni tukawa na hoja tatu za kujibu, na kila hoja inataka ueleze chanzo, ulichorekebisha, na utazuiaje isijirudie. Bosi akaniambia nijibu haraka ifungwe. Nikaandika vile kila mtu huandika: dereva hakufuata utaratibu, amekumbushwa, amesaini kwamba amekumbushwa. Nikaituma nikaenda kulala.

Ikarudi kesho yake. Odita aliandika sentensi moja, kwamba kama chanzo ni dereva mmoja, nimpelekee kurasa za lori lingine lolote nitakalochagua MIMI, za mwezi huo. Nikaenda kwenye kabati nikachukua namba 3. Nikaziweka dirishani. Wino mmoja kwa wiki. Namba 9, vilevile. Nilikaa chini sakafuni na hayo mafaili ya rangi, nikachukua moja baada ya jingine, madereva wanane kati ya kumi walikuwa wanajaza wiki nzima kwa mkupuo.

Nikamsubiri Papa yadi jioni maana nilijua yeye hatanizungusha. Nikamwonyesha. Nikamuuliza, Papa, hii kitu ilianza lini? Akanitazama kwa huruma kidogo, ile ya mkubwa kwa mdogo. "Ni nyinyi mulisema kitabu kisipofika siku ya tano, feza haitoke."

Ni kweli. Ni mimi niliyeandika hiyo meseji. Mwaka mmoja na nusu nyuma karatasi zilikuwa zinapotea, wengine wanaleta baada ya mwezi, nikaona nina akili sana nikaunganisha kitabu cha ukaguzi na mshahara: kitabu kamili Ijumaa mchana, siku zote tano, au malipo yanasubiri wiki ijayo. Kuanzia hapo karatasi hazikupotea tena hata moja, kabati likajaa, nikasifiwa. Hakuna aliyeniuliza siku ambazo lori halikutembea wataandika nini, na mimi sikusema, nilitaka tano, wakaniletea tano. Juu ya hapo madereva wa masafa wanalipwa kwa kilomita, dakika za kuzunguka gari na tochi usiku kisheria zilikuwa kazi ila kwenye mfuko wao hazikuwa hela ya maana, na ratiba yangu iliandika "ondoka saa tatu" siyo "fika saa tatu kasorobo ukague". Na aliyewahi kuandika kasoro, zamani kabla yangu, alikuwa anaambiwa subiri fundi, lori linasimama, safari anapewa mwingine. Sasa wewe ungeandika taa imeungua? Ungebadilisha balbu yako kimya kimya usepe, na ndivyo walivyokuwa wanafanya, ndo maana taarifa zangu zilikuwa sifuri. Balbu ziliungua kama kawaida, mimi tu sikuwa naambiwa.

Hilo ndo jambo ambalo nimeliwaza sana kwenye hiki kisa. Mimi nimekulia Kibaha, najua mizani, najua uongo wa barabarani unavyonunuliwa, nilidhani uongo wa makaratasi lazima kuna mtu anataka kuficha kitu. Hapa hakuna aliyekuwa anaficha chochote. Breki zilikuwa zima, Papa alikuwa amelala kweli, madereva walikuwa wanazunguka magari yao kweli, wengi wao, maana lori likikuharibikia saa tisa usiku karibu na Yass kwenye baridi ile ni wewe unaganda. Uongo ulitengenezwa na ofisi iliyotaka karatasi kuliko ilivyotaka habari.

Nikaandika jibu la pili, la kurasa mbili, nikajitaja. Bosi hakupenda. Alitaka tununue programu ya simu, dereva anatiki kwenye skrini na saa inajiandika yenyewe, ishu imekwisha. Nikamwambia mtu anayetiki wiki nzima kwa dakika mbili atatiki skrini kwa sekunde tisa, tutakuwa na uongo wenye saa sahihi. Tukabishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana hivi: dakika 15 za ukaguzi ziko kwenye ratiba na zinalipwa kwa saa nje ya kilomita, mshahara haugusani tena na kitabu, ukurasa wa lori lililolala unaandikwa tu "halikutembea", fundi anajibu kila kasoro kwa saini siku hiyo hiyo hata kama jibu ni "inaweza kusubiri mpaka huduma ijayo", na aliyeandika kasoro hapokonywi safari, akisimamishwa na gari anapewa kichwa kingine. Na mimi kila Jumatatu nachagua lori moja na siku moja, napanga karatasi zake mezani kama alivyopanga yule mama. Hiyo ndo ikawa kazi yangu kubwa, na kusema kweli ndo ukaguzi wa ndani niliotakiwa kufanya tangu mwanzo badala ya kuandika sifuri.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa aibu. Kasoro 23. Taa za pembeni, kioo kimepasuka kona, tairi la tela limeliwa upande mmoja, hozi ya upepo inasugua chesisi, na moja ya maana kabisa, kufuli la tela namba 12 lina mchezo, hilo tulilisimamisha siku hiyo hiyo. Tela hilo lilikuwa na miezi ya tiki nyuma yake. Bosi alipoona bili ya gereji alinifuata ofisini, akasoma ile ya kufuli, akatoka bila kusema kitu.

Odita alitaka ushahidi wa mwezi mmoja kabla ya kufunga hoja. Nilipokuwa nakusanya kurasa nikakuta moja ya kijana mmoja wa Kipunjabi, tarehe iko, saini iko, tiki hakuna hata moja, ameandika kwa herufi kubwa kwa Kiingereza chake: LEO NIMECHELEWA SIJAKAGUA. NIMEKAGUA GOULBURN. Goulburn ni mji wa njiani kwenda Melbourne. Na chini yake, saa na dakika, matairi sawa, taa sawa, upepo sawa.

Nilikaa nayo. Kuitoa ilikuwa rahisi, nakala ni moja tu, na ile ni kasoro waziwazi, gari limetoka yadi bila kukaguliwa, na tuko katikati ya kuomba ithibati. Nikaiskani pamoja na nyingine, na chini nikaambatanisha niliyoyafanya: nimeongea naye, alichelewa kwa sababu ya treni, ratiba yake imesogezwa robo saa.

Yule mama akanipigia. Akasema hoja ya kwanza ameifunga. Afu akauliza kama yule kijana bado yuko kazini. Nikamwambia yuko, usiku huu anaenda Melbourne.